Daktari Aliyewauliza Watoto Habari za Waliokufa

Mhadhara uliotolewa Musinzira, Gitega, mbele ya walimu, wauguzi, viongozi wa dini na wananchi

   

Nilialikwa nizungumzie msiba na afya ya akili. Nitaanza mbali kidogo, kwa daktari mmoja wa Marekani aliyetumia karibu miaka arobaini ya maisha yake akiwatafuta watoto wadogo wanaodai kwamba waliwahi kuishi, wakafa, wakarudi duniani kwa mwili mwingine. Naomba subira. Kwenye msiba tutafika.

Kusudi langu nalitaja mapema. Nataka kuonyesha kwamba daktari huyo aliuliza vizuri kuliko alivyojibu, na kwamba sisi wa Burundi, ambao wengi wetu tuna wafu tusiojua walipozikwa, tunaihitaji namna yake ya kuuliza. Jibu lake tunaweza kumwachia mwenyewe.

Wala sikuja kushindana na imani ya mtu. Mkristo amesoma katika Waraka kwa Waebrania kwamba mtu hufa mara moja tu na baada ya hapo ni hukumu. Mwislamu anajua kwamba aliyekufa yuko barzakh, na barzakh haina njia ya kurudi huku. (Naona Sheikh anatikisa kichwa kukubali, na Padre naye. Leo mmekubaliana mapema.) Mimi ni muuguzi wa magonjwa ya akili. Mtu anapoketi mbele yangu na kuniambia jambo la ajabu, swali langu la kwanza si kama jambo hilo ni kweli. Nauliza: nani alilisikia kwanza, lini, na nani mwingine alikuwapo?

Hoja ya kwanza: mtu huyu hakuwa mpiga ramli

Ian Stevenson alizaliwa Montreal, Kanada, mwaka 1918, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha McGill. Mwaka 1957, kabla hajatimiza miaka arobaini, alikuwa mkuu wa idara ya magonjwa ya akili katika Chuo Kikuu cha Virginia. Mtu wa cheo hicho huwa amekwisha kuiona njia yake yote hadi kustaafu. Yeye akageuka. Mwaka 1960 alichapisha makala iliyokusanya habari zilizotawanyika vitabuni na magazetini za watu waliodai kukumbuka maisha yaliyotangulia, na akaona kwamba wengi wao walikuwa watoto wadogo. Mwaka uliofuata akapanda ndege kwenda India na Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka, kuwaona watoto wa namna hiyo kwa macho yake.

Fedha zilitoka mahali msipopatarajia. Chester Carlson, aliyevumbua mashine ya fotokopi, alivutwa na kazi hiyo. Alipofariki mwaka 1968 aliuachia Chuo Kikuu cha Virginia dola milioni moja kwa ajili ya utafiti wa Stevenson. Kila mnapotoa nakala ya cheti cha kuzaliwa pale mjini, mkumbuke kwamba faida ya mashine ile ilimlipia daktari nauli ya kuwafuata watoto waliosema wamezaliwa mara mbili.

Kwa miaka yote hiyo alikwenda India, Burma, Uturuki, Lebanon, kwa Watlingit wa Alaska, kwa Waigbo wa Nigeria. Kumbukumbu zilizoko Virginia, pamoja na za waliomfuata, zinapita watoto 2,500. Picha inayojitokeza inafanana nchi hata nchi: mtoto huanza kusema akiwa na miaka miwili hadi mitano, na huacha mwenyewe akifika miaka mitano hadi minane. Mara nyingi anayetajwa alikufa kifo kibaya: ajali, kuzama, kuuawa. Kitabu chake cha mwaka 1966 kilihusu watoto ishirini, na hata katika jina la kitabu hakusema wamethibitisha lolote. Alisema habari zao zinaashiria tu.

Namna yake ya kazi ndiyo niliyoifuata mimi. Alifika nyumbani kwa mtoto, tena akipenda kufika bila kutarajiwa. Alimhoji mama peke yake, baba peke yake, bibi peke yake, jirani peke yake. Aliandika kila kauli na jina la aliyeisikia. Kisha alikwenda kwenye kijiji kile kingine, kwa familia ya marehemu, akauliza upya, na kauli moja moja akaiwekea alama: sawa, si sawa, haijulikani. Baada ya miaka kadhaa alirudi tena kuona kama hadithi imenenepa.

Nitawapa mfano mmoja tu, kwa urefu, maana mifano kumi kwa ufupi haimfundishi mtu kitu.

Machi 1964 Stevenson alifika katika kijiji cha Kornayel, milimani Lebanon, kwa watu wa madhehebu ya Wadruze, ambao kwao kurudi duniani ni sehemu ya imani. Alikuta mtoto aitwaye Imad Elawar, wa miaka mitano. Tangu alipoanza kusema, Imad alikuwa akitaja watu wasio wa nyumbani kwao: Jamileh, tena akimsifu uzuri wake, Mahmoud, na ukoo wa Bouhamzy wa kijiji cha Khriby. Alizungumzia lori lililomkanyaga mtu na kumvunja miguu. Na alipoanza kutembea alifurahi mno kuwa anaweza kutembea. Familia hizi mbili hazikuwa zimekutana kuchunguza jambo hilo. Hapa ndipo kesi hii inapopata thamani: Stevenson aliandika kauli zote kabla ya kufika Khriby.

Wazazi walikuwa wameshaunga vipande: mtoto wetu ni Mahmoud Bouhamzy, mume wa Jamileh, aliyekufa kwa kukanyagwa na lori. Walipofika Khriby, Mahmoud yuko hai. Aliyekanyagwa na lori alikuwa mtu mwingine wa ukoo uleule, Said. Naye maisha yake hayakulingana na mengine aliyosema mtoto. Mtu mdogo angefunga daftari na kurudi hotelini. Stevenson akaendelea kuuliza, akampata Ibrahim Bouhamzy, kijana aliyekufa mwaka 1949 kwa kifua kikuu, ambaye siku za mwisho alishindwa kutembea, na ambaye mpenzi wake aliitwa Jamileh. Kwa hesabu ya Stevenson, kauli 57 ziliandikwa na 51 zilikuwa sawa.

Mnashangaa? Mimi nilishangaa. Kisha nikasoma waliompinga. Mwanafalsafa Leonard Angel, mwaka 1994, aliuliza swali ambalo muuguzi yeyote angeuliza: kama wazazi walisema ni Mahmoud, na Mahmoud yuko hai, kwa nini tuhesabu ushindi tulipompata Ibrahim? Katika kijiji chenye ukoo mkubwa, ukichukua majina machache na matukio machache, ukatafuta kwa bidii, utampata wa kumvika. Stevenson anajibu kwamba tafsiri ilikuwa ya wazazi, na kauli zilikuwa za mtoto. Walioziunga vibaya ni watu wazima. Tena kuna jambo ambalo halikumpendelea mwenyeji wake yeyote: Wadruze huamini roho huingia kwa mtoto mwingine papo hapo mtu anapokufa, lakini Ibrahim alikufa 1949 na Imad alizaliwa mwishoni mwa 1958. Miaka hiyo tisa alikuwa wapi? Kama wanakijiji wangekuwa wametunga hadithi ili kuilisha imani yao, wangeitunga ikae sawa.

Sitamaliza ubishi huo hapa. Nasema tu kwamba tunaweza kubishana na Stevenson kwa sababu aliandika. Kauli 57, zina jina la aliyezisikia, zina mahali. Mtu akiniambia "mtoto alisema mambo mengi ya ajabu", sina cha kubisha wala cha kukubali.

Hoja ya pili: mtoto husema, jamaa ndio hutafsiri

Hoja hii ndiyo niliyoifikiria zaidi, kwa hiyo mtanivumilia.

Kesi za Stevenson zilipatikana kwa wingi kule ambako watu waliamini kurudi duniani. Wapinzani wake hulitumia jambo hilo kama nyundo, na yeye mwenyewe hakulificha. Ila mimi naliona lina mafunzo mengine. Pale penye imani, mzazi akisikia neno la ajabu kwa mtoto wa miaka mitatu, hulisikiliza, hulikumbuka, humwambia jirani. Pasipo na imani hiyo, neno lilelile hupotea kabla ya chakula cha jioni, au hupelekwa kwa mtu mwingine kabisa.

Tutazame majirani zetu. Kwa Wajaluo wa Kenya na Tanzania, mtoto mchanga akilia usiku bila kunyamaza, wakubwa humtajia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine. Jina atakalolinyamazia huwa lake, na mara nyingine marehemu mwenyewe huja ndotoni kuliomba. Wakikuyu humpa mwana wa kwanza jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Padre Placide Tempels, aliyeishi na Waluba wa Katanga na kuchapisha kitabu chake mwaka 1945, aliona kwamba kwao mzee mmoja anaweza "kurudi" katika zaidi ya mtoto mmoja, na papo hapo akabaki mzee huko waliko wazee. John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini za Kiafrika, alilipanga vizuri: anasema kinachorudi ni baadhi tu ya sifa za marehemu, tena ndani ya jamaa zake mwenyewe. Hakuna Mjaluo anayedhani babu ameacha kuwa babu kwa sababu mjukuu ana jina lake.

Na huko Nigeria, Waigbo walikuwa na mtoto anayeitwa ogbanje, anayekufa na kuzaliwa tena na tena kwa mama yuleyule, akimtesa. Waliosoma riwaya ya Chinua Achebe, ambayo sisi wa Kiswahili tunaijua kwa jina la Shujaa Okonkwo, wanamkumbuka Ezinma, binti aliyedhaniwa kuwa ogbanje, na kile kitu kilichofukuliwa ardhini. Mwaka 1986 mwanasayansi Stuart Edelstein aliandika kwamba nyuma ya ogbanje wengi yawezekana ulikuwapo ugonjwa wa selimundu, ambao hurithiwa na huua watoto wa familia moja mmoja baada ya mwingine. Tazameni hapo: mama aliyezika watoto watano hakudanganywa na macho yake. Kweli kulikuwa na kitu kilichokuwa kinarudi tumboni mwake. Kilichohitajika ni kipimo cha damu.

Sasa sisi. Mrundi wa zamani hakuwa na mtoto anayerudi. Kwanza, jina letu halikuwa la babu. Profesa Philippe Ntahombaye alichapisha mwaka 1983 kitabu kizima juu ya majina ya Warundi, na anayekisoma huona jinsi jina linavyosema hali iliyokuwapo siku mtoto alipozaliwa: shukrani kwa Imana, yaani Mungu, ugomvi na majirani, nafasi ya mtoto katika uzazi, hofu ya kifo. Baba alisema na kilima kizima kupitia jina la mwanawe. Ndugu wawili wa tumbo moja walibeba majina yasiyohusiana, na bado wengi wetu ndivyo tulivyo. Muulizeni afisa yeyote wa uhamiaji wa Ulaya jinsi anavyotusumbua.

Pili, wafu wetu, abazimu, walibaki nje ya mwili wa mtoto. Waliweza kukasirika, kuleta maradhi, kudai haki yao, lakini hawakuzaliwa tena. Na katika kubandwa, ibada yetu ya kupandwa na roho, Kiranga alimpanda mtu, akasema kwa kinywa chake, akatenda kwa mikono yake. Sherehe ikiisha, mtu akabaki na nafsi yake ileile. Ni kama kule Zanzibar, ambako pepo wa kibuki humfanya mtu aseme Kimalagasi na kudai brandi, kisha kesho yake yuko sokoni kama kawaida. Mgeni huja na huondoka.

Mfalme ndiye pekee aliyekaribia kurudi. Majina manne yalizunguka: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa, kisha Ntare tena. Na masimulizi yanasema kwamba mwili wa mwami ulikaushwa, na funza aliyetoka ndani yake akageuka mnyama mkali. Wasimulizi hawakubaliani kama ni simba, chui au chatu. Lakini hata hapo ni jina na enzi ndivyo vilivyozunguka. Hakuna aliyemwuliza mtoto wa mfalme alikumbuka nini.

Kwa hiyo mtoto wa hapa Musinzira, au wa Muyinga, akisema "mama yangu si wewe, nyumba yangu iko ng'ambo ya mto," hapelekwi kijiji cha pili kuthibitishwa. Bibi atasema ni abazimu. Mchungaji atasema ni pepo, na ataanza kufunga na kuomba. Muuguzi aliyetoka semina jana atasema ni guhahamuka, yaani kiwewe. Baba atashika fimbo. Wote wanne wana jibu tayari, na hakuna hata mmoja aliyeandika alichosema mtoto.

Hoja ya tatu: jihadharini na wauza safari za maisha yaliyopita

Hapa nitapita haraka, maana jambo lenyewe halistahili muda mrefu.

Yupo daktari mwingine wa magonjwa ya akili, Brian Weiss wa Miami, ambaye mwaka 1988 alichapisha kitabu kilichouzwa sana. Alimlaza mgonjwa katika usingizi wa kuelekezwa, ule unaoitwa hipnosisi, na mgonjwa akaanza kueleza maisha ya kale. Tangu hapo imekuwa biashara. Nasikia imefika hata katika simu za vijana wetu: lala, fumba macho, sikiliza sauti, utajua ulikuwa nani.

Stevenson mwenyewe aliikataa njia hiyo na kuonya watu dhidi yake. Mwaka 1956 Wamarekani walichangamkia kitabu juu ya mama mmoja wa Colorado ambaye katika hipnosisi alisema aliwahi kuwa Bridey Murphy wa Ayalandi; waandishi wa habari wakagundua kwamba alipokuwa mtoto Chicago, ng'ambo ya barabara aliishi mama wa Kiayalandi ambaye jina lake la usichana lilikuwa Bridie Murphy. Na Nicholas Spanos wa Kanada aliwalaza wanafunzi wa chuo kikuu akawaomba warudi maisha ya nyuma. Mmoja alikuwa Julius Caesar, mfalme mkuu wa Roma, mwaka 50 baada ya Kristo. Caesar hakuwahi kuwa mfalme mkuu, na mwaka huo alikuwa amekwisha kufa zaidi ya miaka tisini. Mwingine alikuwa rubani wa vita wa Japani mwaka 1940, akasema nchi yake iko katika amani. Wakati ule Japani ilikuwa vitani China mwaka wa tatu. (Mwalimu wa historia anacheka. Angewapa sifuri.)

Mtu aliyelazwa hivyo hadanganyi. Ameombwa hadithi, naye anatoa hadithi kwa moyo wote. Katika nchi ambako watu waliona mauaji kwa macho, kumlaza mtu na kumwomba picha za kifo ni kumfungulia jeraha. Msikubali, hata kama mwenye kutoa huduma hiyo ana koti jeupe.

Hoja ya nne: wafu wanaorudi kwetu

Tumefika kwenye msiba.

Mwaka 1971 daktari wa Wales, Dewi Rees, alichapisha matokeo ya kuwahoji wajane na wagane 293. Karibu nusu yao walisema wamewahi kumsikia, kumwona au kuhisi kwamba mwenzi wao aliyekufa yuko karibu. Hawakuwa wagonjwa, na wengi hawakuwahi kumwambia mtu, wala daktari wala padri. Nikiwauliza hapa ndani ni nani amesikia hatua za marehemu uani, hakuna atakayenyanyua mkono, na najua kwamba mko wengi.

Tuna wafu wa mauaji ya 1972. Tuna wafu wa mauaji ya 1993. Barabara ya Bujumbura inapita Kibimba, na hakuna dereva wa hapa asiyejua jinsi wanafunzi walivyouawa pale. Tuna wafu wa miaka iliyofuata. Mwanzoni mwa 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitangaza kwamba katika makaburi sita ya halaiki mkoani Karusi yamepatikana mabaki ya watu 6,032. Baadhi ya waliokuja walitambua mavazi, miwani, rozari. Walikuwa wamekaa kimya miaka 48. Fikirini mtu aliyezaliwa mwaka 1973, anayeshika miwani ya baba asiyewahi kumwona. Hakuna daktari wa Virginia aliyewahi kuwa na uthibitisho wa namna hiyo mkononi.

Je, mtoto anaweza kubeba jambo ambalo hakuliona? Mwaka 2014 Nader Perroud na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanawake 25 wa Kitutsi waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, na watoto wao, wakiwalinganisha na wengine 25 ambao wakati ule hawakuwa mahali pa hatari. Waliona tofauti katika alama za kemikali kwenye jeni inayohusika na msongo wa mwili, kwa mama na kwa mtoto. Ni utafiti mdogo, tusiuongezee uzito. Hakuna anayesema picha za mauaji hupita damuni. Ila hofu inaweza kuwa na njia zake kabla maneno hayajapata njia.

Sasa nieleze kisa kimoja cha kazini, nikiwa nimebadilisha mambo madogo ili familia isijulikane.

Mtoto wa kiume, miaka minne hivi. Kila jioni wakitoka shambani alikataa kuvuka daraja la miti, akasema: "Hapa ndipo waliponishika." Nyumbani watu waligawanyika kambi. Shangazi alishasema huyu ni kaka yake aliyeuawa 1993, na akaanza kumwita kwa jina lake. Jirani mlokole alikuja kumwekea mikono. Baba alichoka, akamchapa.

Nilifanya kama Stevenson. Kila mtu peke yake, na kalamu. Nani alisikia kwanza? Bibi. Lini? Mavuno ya maharage yaliyopita. Mtoto alisema maneno gani hasa? Hapo pakawa na tofauti: kwa baba alisema "waliponishika", kwa bibi alisema "walipomshika". Silabi moja katikati ya neno. Ndiyo maana naandika. Mtoto analala wapi? Na bibi. Na bibi kabla ya kulala hufanya nini? Bibi alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema husali rozari, na baada ya kila fungu huwataja wafu wake, mmoja mmoja, na jinsi walivyokwenda. Kwa sauti ndogo, akidhani mtoto amelala. Miaka minne, kila usiku.

Hatukumwambia bibi aache kusali, nani angethubutu? Tulimwomba asali saa moja jioni, sebuleni, wanawe wakubwa wakiwapo, ili wafu wale watajwe kwa watu wenye umri wa kuwasikia. Wanawe wawili walikuwa hawajui nusu ya majina hayo. Baada ya miezi kadhaa mtoto alivuka daraja. Lakini niwe mkweli kwenu: watoto wa Stevenson nao huacha wenyewe wakifika umri huo. Siwezi kuapa kwamba ni sisi tuliomponya. Na shangazi bado anamwita kwa jina la kaka yake.

Yuko atakayeniuliza: ungejuaje kama bibi hakuwa akisali kwa sauti? Nisingejua. Ningeandika "haijulikani", kama Stevenson alivyoandika mara nyingi, na ningerudi mwaka uliofuata.

Huko tunakokwenda

Stevenson alifariki Februari 2007. Alikuwa ameacha kwenye kabati la ofisi kufuli la namba, namba akazificha kichwani mwake, akasema kwamba kama kuna maisha baada ya kifo atajitahidi kumletea mtu namba hizo. Sijasikia kwamba limefunguka. Kazi yake iliendelezwa na wengine Virginia, akiwamo daktari wa akili wa watoto Jim Tucker.

Sisi hatuna dola milioni moja. Tuna kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge, Bujumbura, kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo, tuna madaktari wa akili wachache, na tuna wauguzi wanaotumwa wilayani na dawa za mwezi mmoja. Kwa hiyo ninachoomba hakihitaji bajeti.

Wauguzi wa vituo vya afya, mama akileta mtoto anayesema maneno yasiyo ya umri wake, msianze na sindano wala na neno la semina. Andikeni maneno yenyewe, kwa Kirundi au Kiswahili kama yalivyotoka, bila kuyanyoosha. Kisha ulizeni nani anayelala na mtoto.

Mapadri, wachungaji na masheikh, watu wanakuja kwenu kwanza, na wataendelea kuja. Ombeni nao, hiyo ni kazi yenu na siigusi. Ila mtoto asifungishwe, asichapwe, asimwagiwe kitu, na akiwa na degedege aletwe kituoni siku hiyohiyo, maana kifafa hakingoji mwisho wa novena.

Walimu wa historia, kuna wazee kwenye vilima hivi wanaotaja wafu wao usiku, kwa sauti ndogo, wakidhani hakuna anayesikia. Watoto wanasikia. Wapelekeeni wanafunzi wa madarasa ya juu, mchana, wakae nao, waandike: jina la marehemu, kilima, mwaka, aliyeshuhudia, na kile ambacho hakijulikani kiandikwe kwamba hakijulikani. Wazee wa 1972 waliobaki ni wachache, na msimu huu wa mvua peke yake nimekwenda kuwazika baadhi yao. Anzeni muhula huu.